Kurudisha mkono na shughuli za kila siku baada ya kiharusi: mwongozo kamili kwa anayeuguza nyumbani

Makosa ni yaleyale. Mgonjwa anapewa mpira abinye kutwa nzima. Ndugu wanamnyoosha mkono mara kumi asubuhi na mara kumi jioni, kisha chakula kikifika wanamlisha, na asubuhi wanamvisha. Miezi miwili baadaye ngumi imekaza, bega linauma, na kijiko bado kinashikwa na mtu mwingine.

Ubongo uliojeruhiwa hujipanga upya kwa kufuata kazi ambayo mwili unajaribu kuifanya. Mkono unaonyooshwa na mtu mwingine haufanyi kazi, unabebwa tu. Kunyoosha kuna faida yake, kwa sababu huzuia viungo visigande, ila hakuufundishi ubongo kusogeza mkono. Kinachofundisha ni mgonjwa mwenyewe kukifuata kikombe, kukikosa, na kukifuata tena mara mia. Hiyo ndiyo tiba kazi: kumrudisha mgonjwa kwenye shughuli zake za kila siku kwa kuzifanya mwenyewe.

Mwongozo huu ni wa mgonjwa aliyekwisha kutulia na kuruhusiwa kurudi nyumbani. Haumwondoi mtaalamu wa tiba kazi. Unajaza saa nyingi zilizopo kati ya miadi moja na nyingine. Kwa aliyepata kiharusi jana, tulieni kwanza: utafiti wa AVERT uliochapishwa mwaka 2015, wenye wagonjwa zaidi ya 2,000, ulikuta kwamba kati ya walioanza kusimamishwa na kutembezwa ndani ya saa 24 za mwanzo, mara nyingi kwa siku, waliofikia hali nzuri baada ya miezi mitatu walikuwa wachache kuliko wenzao waliopewa huduma ya kawaida.

Neno moja la kukubaliana: "mkono mzima" humu ni ule ambao haukuguswa na kiharusi.

## Vitu vya kuandaa

- Kiti kigumu chenye mikono na mgongo, kisicho na magurudumu. Sofa haifai, kwa sababu inazamisha nyonga na kupindisha mgongo.
- Meza ambayo uso wake unafika usawa wa kiwiko mgonjwa akiwa ameketi.
- Mito 3 au 4 ya kawaida na taulo 2.
- Kikombe cha plastiki, bakuli pana, vizibo 30 vya chupa na vibanio 10 vya nguo.
- Kioo cha kusimamisha mezani, kirefu kiasi cha kuonyesha mkono kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole.
- Sponji nene au bomba la sponji la kuvika mpini wa kijiko.
- Utepe wa gundi wenye rangi kali, nyekundu ikipatikana.
- Kitambaa kinene chenye unyevu, au mkeka mdogo wa mpira, wa kuzuia sahani isiteleze.
- Kiti cha kuogea kisichoteleza.
- Mashine ya kupimia shinikizo la damu, saa yenye sekunde, daftari na kalamu.

Mpira wa kubinya haumo kwenye orodha hii. Sababu iko Hatua ya 4.

## Kabla ya kila kipindi

Pima shinikizo la damu kwenye mkono mzima, maana kukaza au kulegea kwa mkono mwingine kunaweza kupotosha kipimo. Ukikuta 180/110 au zaidi, usianze. Mpumzishe dakika 15 na upime tena. Ikibaki hapo, hakuna mazoezi siku hiyo na daktari aarifiwe.

Uliza kuhusu maumivu, na uliza bega kwanza. Kisha hakikisha amelala vya kutosha na amekwenda chooni. Anayebanwa na haja hawezi kuweka akili kwenye kikombe.

## Hatua ya 1: Linda bega

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na bega likishaharibika hatua zilizobaki hazifanyiki.

Kichwa cha mfupa wa mkono kinakaa kwenye kijisahani chenye kina kifupi sana cha bega, kama yai juu ya kijiko. Kinachokizuia kisitoke ni misuli. Misuli ikilegea, uzito wa mkono wenyewe unauvuta mfupa chini. Weka kidole chako chini kidogo ya ncha ya mfupa wa bega, mgonjwa akiwa ameketi na mkono ukining'inia kwa muda mfupi. Ukihisi bonde linaloingiza upana wa kidole, bega limeshuka.

1. Usivute mkono uliopooza kwa sababu yoyote: kumwinua, kumgeuza kitandani, wala kumpitisha kwenye shati.
2. Usimwinue kwa kumshika makwapa. Shika mkanda wa kiunoni au upitishe mkono wako nyuma ya kiuno chake.
3. Usiinue mkono wake kupita usawa wa bega kama hujafundishwa na mtaalamu. Kombe la bega lisipozunguka pamoja na mkono, nyama laini za ndani zinabanwa kati ya mifupa. Kwa sababu hiyohiyo achana na kamba na kapi ya kuvutia mkono juu.
4. Akiketi, mkono wote ulale mezani au juu ya mto, kiwiko kikiwa kimeegemezwa. Usining'inie pembeni ya kiti.
5. Kombeo la shingoni (kitambaa cha kuning'inizia mkono) ni la kusimama na kutembea tu, na ni kwa kipindi ambacho mkono umelegea kabisa. Akiketi livuliwe. Likivaliwa kutwa, linaufundisha mkono kukunjamana kifuani.

Kulala nako kuna utaratibu. Akilalia upande uliopooza, ingiza kiganja chako nyuma ya kombe la bega na ulilete mbele taratibu, ili asilalie ncha ya bega. Akilalia upande mzima, weka mto mbele ya kifua na ulaze mkono uliopooza juu yake, kifundo cha mkono kisining'inie nje ya mto. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila saa 2.

Vidole vikivimba, vua pete mara moja, maana kesho haitatoka. Weka kiganja juu kuliko kiwiko, kisha sugua polepole kutoka ncha za vidole kuelekea kifundo. Uvimbe wenye joto, ngozi inayong'aa na maumivu makali akiguswa tu ni jambo la daktari, usiendelee kusugua.

Mafanikio yanavyoonekana: analala usiku bila kuamshwa na bega, na unaweza kumvisha bila yeye kukunja uso.

## Hatua ya 2: Kiwiliwili kwanza

Mkono umeshikiliwa na kiwiliwili. Mgonjwa anayeinama upande mmoja hutumia nguvu zake zote kutoanguka, na mkono unakosa mgao wake.

Mketishe matako yakiwa nyuma kabisa ya kiti, nyayo zote mbili sakafuni, magoti yakitengeneza pembe ya mraba. Miguu isipofika chini, weka ubao au kitabu kinene. Mikono yote miwili iwe mezani.

Sasa mwambie afuate kitu kwa mkono mzima: mbele, kulia, kushoto, kila mara sentimita chache kupita urefu wa mkono wake, ili kiwiliwili kilazimike kuinama na kurudi. Mara 10 kila upande. Simama upande uliopooza, maana ndiko atakakoangukia.

Mafanikio: anaketi dakika 10 bila kuegemea popote na bila kushika meza.

## Hatua ya 3: Mkono ambao bado haujasogea

Kusubiri mkono "uamke" ndipo uanze ni kupoteza muda wa thamani. Mabadiliko huja kwa kasi zaidi katika miezi 3 ya mwanzo, ingawa hayakomi hapo. Fanya haya matatu kila siku.

Kubeba uzito. Mgonjwa akiwa ameketi kwenye benchi au kitandani, weka kiganja kilichopooza kando ya paja, vidole vikiwa vimefunguka kadiri vinavyokubali bila maumivu. Saidia kiwiko kisikunjike. Aegemee upande huo taratibu, ahesabu hadi 10, arudi. Mara 10. Kama kiganja hakikubali kulala, tumia mkono wa chini wote juu ya meza.

Kufuta meza. Kunja taulo, weka mkono uliopooza juu yake, kidole gumba kikitazama juu, na mkono mzima juu ya ule uliopooza. Asukume mbele mpaka kiwiko kinyooke, arudi. Seti 3 za mara 10. Maneno utakayomwambia yana uzito: usiseme "sukuma", sema "sukuma kwa huu mgonjwa, huu mwingine usaidie kidogo tu". Kila siku chache mkono mzima upunguze msaada, kutoka kiganja kizima hadi vidole viwili.

Kioo. Kisimamishe katikati ya kifua chake, uso wa kioo ukitazama mkono mzima na mkono uliopooza ukifichwa nyuma yake. Vua saa na pete kwenye mkono mzima, ili picha ifanane na mkono uliofichwa. Akitazama kioo tu, afungue na kufunga vidole, ageuze kiganja, ainue kifundo. Wakati huohuo ajaribu kufanya vilevile kwa mkono uliofichwa, hata kama hausogei. Macho yanauambia ubongo kwamba ule mkono uliolala unatembea. Anza na dakika 10, panda hadi 30 kwa siku, siku 5 kwa wiki, kwa wiki 4 angalau. Akipata kizunguzungu au akihuzunika kwa anachokiona, mwondolee kioo na msijaribu tena siku hiyo.

Mara nyingi kinachotangulia kurudi ni bega kupanda na vidole kukunjika vyote kwa pamoja. Familia hushangilia ngumi, lakini kukunja ni rahisi kuliko kukunjua. Mafanikio ya hatua hii ni vidole kufunguka kwa hiari yake, hata kama ni upana wa punje ya mchele. Siku utakayoona hivyo, iandike kwenye daftari na umwambie mtaalamu.

## Hatua ya 4: Kufikia, kushika na kuachia

Hapa ndipo penye kazi kubwa. Usipite haraka.

Weka kikombe cha plastiki sentimita 15 mbele ya mkono uliopooza. Weka karatasi moja kati ya mgongo wake na mgongo wa kiti. Mwambie akifuate kikombe.

Usitazame kikombe, tazama bega. Likipanda kuelekea sikioni, kiwiko kikifunguka nje kama bawa, na karatasi ikaanguka sakafuni, hajafikia kwa mkono. Amefikia kwa kiwiliwili. Kikombe atakigusa, atafurahi, na ubongo utajifunza njia hiyo ya mkato ambayo baadaye ni ngumu kuing'oa. Usimkaripie. Sogeza kikombe karibu zaidi, sentimita 5 tu ikibidi, mpaka aweze kukigusa karatasi ikiwa palepale.

Panda ngazi hivi:

1. Kusukuma kikombe mbele kwa nyuma ya kiganja, bila kukishika.
2. Kukigusa kwa vidole vilivyofunguka.
3. Kukishika, kikiwa kimezungushiwa kitambaa ili kisiteleze.
4. Kukiinua sentimita 5 na kukirudisha.
5. Kukipeleka kwenye alama ya utepe mezani na kukiachia wima.
6. Kukipeleka mdomoni kikiwa kitupu, kisha na maji robo.
7. Kuhamisha vizibo kutoka mezani kwenda kwenye bakuli.
8. Kubana vibanio vya nguo ukingoni mwa bakuli na kuvibandua.

Kipimo cha kupanda ni hiki: akipatia mara 7 au 8 katika 10, yuko mahali pake. Akipatia 10 zote, ongeza ugumu. Akipatia chini ya 5, punguza. Ukiongeza, badilisha kitu kimoja tu, ama umbali, ama urefu wa kwenda juu, ama ukubwa wa kitu, ama uzito, ama kasi. Ukibadilisha viwili kwa pamoja na akashindwa, hutajua kilichomshinda.

### Mara ngapi?

Nyingi kuliko unavyodhani. Watafiti waliokaa na kuhesabu katika vipindi vya kawaida vya tiba walikuta wastani wa marudio 32 ya kazi halisi ya mkono kwa kipindi, wakati majaribio ya maabara kwa wanyama yanayoonyesha ubongo kubadilika hutumia mamia kwa siku. Utafiti mwingine ulionyesha kwamba watu waliopata kiharusi wanaweza kufikisha 300 ndani ya saa moja wakipangiwa vizuri. Anza na 50 kwa siku. Ongeza 20 au 30 kila siku chache mpaka 200 au 300, vikigawanywa katika vipindi vya dakika 20. Tumia vizibo kuhesabia: kizibo kimoja kikihamia bakulini, ni moja.

### Vidole vinapogoma kuachia

Ameshika kikombe na hawezi kukiachia. Kosa la kwanza la kila mtu ni kumvuta vidole. Misuli iliyokakamaa hupinga mwendo wa ghafla, ukivuta kwa kasi nayo inakaza zaidi.

Badala yake, laza mkono wake mezani na uinamishe kifundo chake kuelekea chini, polepole. Kano za vidole hulegea kifundo kikiinama, na ngumi inajilegeza yenyewe. Kisha shika kidole gumba kwenye shina lake, si kwenye ncha, na ukitoe nje. Subiri. Vidole vingine vitafuata. Vikishafunguka ndipo urudishe kifundo mahali pake.

Mpira wa kubinya huzoeza upande ambao tayari una nguvu nyingi, wakati mkono unaoweza kushika lakini hauwezi kuachia hausaidii mezani wala bafuni. Kama unataka kutumia mpira, zoezi liwe kuuangusha ndani ya bakuli.

### Jipime kila wiki

Siku ileile, saa ileile, kiti kilekile: hesabu vizibo anavyohamisha kwa sekunde 60. Andika. Kutoka 4 hadi 7 kwa wiki mbili ni maendeleo ambayo jicho haliwezi kuyaona lakini daftari linayaona.

Mafanikio: anakunywa kwa mkono huo, karatasi ikiwa mgongoni.

## Hatua ya 5: Kuvaa

Kanuni ni moja na haina ubaguzi: upande uliopooza hutangulia kuvaa na huwa wa mwisho kuvua. Aliyetanguliza mkono mzima anajikuta nguo imebana, na anaanza kuuvuta ule mbovu nyuma ya mgongo. Bega linaumia hapo.

Chagua shati la vifungo, kubwa kwa saizi moja, lenye mikono mipana. Aketi kwenye kile kiti kigumu, si kwenye ukingo wa kitanda chenye godoro laini.

1. Tandaza shati mapajani, ndani ikitazama juu na tundu la mkono uliopooza likiwa katikati ya mapaja.
2. Ainame mbele, mkono uliopooza ushuke wenyewe ndani ya tundu. Uzito wa mkono hufanya kazi yote hapa.
3. Kwa mkono mzima apandishe mkono wa shati mpaka juu ya kiwiko, na zaidi ikiwezekana mpaka begani. Wengi huishia chini ya kiwiko. Shati linarudi, mgonjwa anakata tamaa, na anayeuguza anamalizia.
4. Ashike kola, aizungushe nyuma ya shingo.
5. Aingize mkono mzima.
6. Avute pindo la mbele lilingane pande zote, aanze kufunga kifungo cha chini, maana anakiona.

Suruali: akiwa ameketi, apandishe mguu uliopooza juu ya goti la mguu mzima, avae mguu huo, ashushe, avae mwingine. Apandishe mpaka mapajani, kisha asimame akiwa amekaribia kitu cha kushika, avute juu. Kiuno cha lastiki huokoa wiki nyingi za kuhangaika na zipu. Viatu viwe vya kubandika au vya kutumbukiza vyenye kisigino kilichofungwa. Ndala humwangusha.

Mara ya kwanza shati linaweza kuchukua dakika 25. Amka mapema. Kumalizia kwa niaba yake kwa sababu mnachelewa ndiko kunakomrudisha nyuma. Kama muda haupo kabisa, msaidie mwanzo na umwachie mwisho: wewe ingiza mkono, yeye afunge vifungo. Kumaliza kazi mwenyewe kunampa moyo kuliko kuianza.

Mafanikio: shati chini ya dakika 10, bila neno lako hata moja.

## Hatua ya 6: Kula

Kabla ya kijiko, koo. Kama hospitali haikumpima kumeza, au akinywa maji anakohoa, au sauti yake inakuwa na majimaji baada ya kumeza, simamisha hapa na umpeleke apimwe. Chakula kinachoingia kwenye njia ya hewa huleta nimonia.

Aliyeruhusiwa kula aketi wima kabisa, na abaki hivyo dakika 30 baada ya chakula. Vika mpini wa kijiko sponji ufike unene wa sentimita 3 hivi, kwa kuwa mkono usio na nguvu hushika kinene kwa urahisi zaidi. Sahani iwe na kingo zilizosimama, juu ya kitambaa chenye unyevu.

Mkono uliopooza usikae mapajani. Hata kama hauwezi kubeba kijiko, ushike ukingo wa sahani isizunguke. Kazi ya kushikilia ni kazi kamili. Akipata nguvu, ale vijiko 5 vya mwanzo kwa mkono huo, njaa ikiwa kali, kisha mlo uliobaki kwa mkono mzima. Wiki inayofuata viwe 10.

## Hatua ya 7: Kuhama kiti, choo na kuoga

1. Weka kiti anachohamia upande wa mwili ambao haukuguswa na kiharusi, kikiwa kimeelekezwa kidogo kwake. Kiti cha magurudumu kifungwe breki zote mbili na vikanyagio viondolewe.
2. Asogee mbele ya kiti, arudishe nyayo nyuma kidogo ya magoti.
3. Ainame mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu. Wengi huogopa na kuegemea nyuma, na hapo hata watu watatu hawawezi kumwinua.
4. Asimame, ageuke kwa hatua ndogo, nyuma ya miguu yake iguse kiti, ndipo akae.

Wewe simama upande uliopooza. Goti likilegea, lizuie kwa goti lako kwa mbele.

Bafuni aketi. Maji yapimwe kwa mkono mzima, au kwa kiwiko chako, kabla ya kumgusa, kwa sababu upande uliopooza huweza kuungua bila yeye kuhisi. Shona taulo iwe kama mfuko ili sabuni ikae ndani na isimponyoke. Kwapa la upande uliopooza lisafishwe kwa yeye kuinama mbele na mkono kuning'inia, usiinue mkono.

Miezi mingi hupita familia ikimbeba mgonjwa ambaye angeweza kuhama mwenyewe kama vyuma vya kushikia vingefungwa ukutani. Vifungwe kwenye ukuta imara. Kishikio cha taulo hakibebi mtu.

## Hatua ya 8: Kuuzuia mkono mzima

Baadhi ya wagonjwa wana nguvu kiasi lakini wamezoea kutotumia mkono. Kwao kuna njia ya kuuvika mkono mzima glavu nene ya jikoni na kuulazimisha ule mwingine ufanye kazi. Sharti la kawaida: aweze kuinua kifundo cha mkono nyuzi 20 hivi na kunyoosha vidole nyuzi 10 hivi kwa hiari yake. Asiye na uwezo huo atapata hasira tu.

Katika mpango kamili glavu huvaliwa takribani asilimia 90 ya saa za kuwa macho, na mazoezi ya saa 6 kwa siku, kwa wiki 2. Nyumbani sipendekezi hivyo bila mtaalamu. Saa 2 kwa siku, akiwa ameketi na amesimamiwa, zinatosha kuanza. Glavu ivuliwe anapotembea, anapopanda ngazi, anapooga na anaposhika chochote cha moto, kwa sababu mkono mzima ndio utakaomdaka akiyumba.

## Pale mambo yanapokwama

Anaacha chakula upande mmoja wa sahani, anagonga mlango kwa bega lilelile. Macho yanaona lakini ubongo hauusikilizi upande huo. Hutokea zaidi upande wa kushoto, baada ya kiharusi cha ubongo wa kulia. Bandika utepe mwekundu ukingo wa kushoto wa meza, sahani na kitabu, na umzoeze: "tafuta nyekundu kwanza". Keti upande huo unapozungumza naye, mradi awe ameshaanza kugeuka. Kumweka upande huo peke yake bila mtu kunamtenga.

Ana nguvu, lakini anachana nywele kwa mswaki. Huo si ukaidi wala wazimu. Ubongo umepoteza mpangilio wa hatua. Punguza maneno, weka mkono wako juu ya wake, mfanye kitendo pamoja, mahali palepale, kwa mpangilio uleule kila siku. Vifaa visivyohusika viondolewe mezani.

Anachoka baada ya dakika 10. Uchovu wa kiharusi si uvivu. Fanya vipindi 4 vya dakika 10. Kazi nzito ziwekwe asubuhi, na kuoga na mazoezi visifuatane.

Hataki lolote, analia au kunyamaza. Takribani mtu mmoja katika watatu hupata sonona baada ya kiharusi, na ina matibabu. Mwambie daktari. Kumhimiza kwa ukali hakujawahi kuitibu.

## Simamisha na utafute msaada

Piga simu ya dharura au mkimbize hospitali papo hapo ukiona: uso umevutwa upande mmoja upya, mkono au mguu mwingine umelegea ghafla, maneno yamevurugika, kichwa kinauma kwa ukali wa ghafla, kifua kinauma, anakosa pumzi, au degedege. Andika saa uliyoona dalili ya kwanza, maana dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa chache tu na daktari atakuuliza saa hiyo kabla ya mengine. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye shavu la mguu, usiukande. Damu inaweza kuwa imeganda humo. Aonwe siku hiyohiyo.

## Unachobeba siku ya miadi

Beba daftari lenye safu nne: idadi ya marudio kwa siku, vizibo kwa sekunde 60, dakika za kuvaa shati, na maumivu ya bega kutoka 0 hadi 10. Beba na video fupi ya simu akifikia kikombe, ikichukuliwa kutoka pembeni, bega na mgongo vikionekana. Kama namba za vizibo hazijasogea kwa wiki 3 mfululizo, au ngumi inazidi kukaza hata kucha zinachoma kiganja, anza mazungumzo na hilo kabla muda wa miadi haujaisha. Kuna banzi maalumu za mkono na sindano za kulegeza misuli, na zote mbili hupimwa na kuamuliwa na wataalamu kwa kumtazama yeye mwenyewe.